Deki ya Kumtosha Cucu

Nyumba ya Tata Nelius imekaa kwenye mteremko kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Nyuma imeegemea udongo. Mbele imesimama juu ya nguzo za mawe zinazomzidi kimo Anko Kithaka, mume wa Tata. Ukifungua mlango wa sebuleni, ule wa upande wa bonde, mbele yako hakuna kitu. Hakuna ngazi, hakuna baraza. Kuna hewa tu, halafu chini vilele vya migomba, halafu kahawa, halafu mto ambao unausikia lakini huuoni. Waliojenga waliuacha mlango huo wakisema siku moja patawekwa kitu pale nje, na Anko akapigilia ubao katikati yake ili mgeni asije akatoka na kikombe chake cha chai akaangukia kwenye kahawa.

Niliupenda sana mlango huo. Kila likizo nikifika kutoka shule nilikuwa naufungua, naegemea ule ubao na kutazama. Asubuhi ikiwa safi unaiona nchi yote ikishuka, kijani, halafu kijani chenye vumbi, halafu rangi ya ngozi ya simba, mpaka tambarare za Mbeere, na huko mwisho kabisa mlima wa Kiambere umejilaza kama ng'ombe anayecheua. Tata alikuwa akija kusimama nyuma yangu, pini mdomoni, na kuonyesha kwa kidevu.

"Pale," alikuwa akisema.

Basi. Sote tulijua pale ni wapi. Pale ni Kiritiri, alikozaliwa yeye na mama yangu, na alikobaki mama yao, Cucu Kanini. Kwetu tata ni shangazi, na hata dada ya mama tunamwita hivyo hivyo. Cucu ni nyanya.

Tata ni fundi wa nguo. Ana chumba kimoja sokoni Runyenjes, chenye mashine mbili: moja ya miguu ya kushonea, na nyingine ya umeme ya overlock, ile inayokata kitambaa na kuzungusha uzi pembeni ili kisifumuke. Ameshona sare za shule za nusu ya watoto wa huku kwetu. Nadhani miaka hiyo yote imeyabadilisha macho yake. Barabara mpya ya lami ilipofika karibu na kanisa, watu wakiisifu, yeye alisema ni nzuri lakini imekunjwa pindo vibaya, na kweli mvua ya kwanza ilianza kuila pembeni. Ukimletea habari ya ndoa iliyovunjika atakuuliza ilianza kufumukia wapi.

Mwaka huu, mwezi wa nne, Cucu Kanini alianguka nyumbani kwake. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini alilala pale nje karibu na banda la mbuzi mpaka jirani yake, Nyaga, aliposikia mbuzi wakilia vibaya akaja. Daktari alisema magoti yamechoka na kwamba mama huyu asiishi tena peke yake. Nyaga akakubali binti yake awe anaenda kulala kwa Cucu, lakini binti huyo angerudi chuoni mwezi wa nane. Kwa hivyo ilikuwa lazima Cucu ahamie kwa mtoto wake mmoja kabla ya hapo. Mama yangu anafanya kazi Nkubu, anafua mashuka ya hospitali, na tunakaa vyumba viwili ghorofa ya nne. Cucu hawezi kupanda hata ngazi mbili. Ikabaki kwa Tata.

Cucu akakataa.

Nilikuwa nimeshika simu siku ile, spika ikiwa juu ili Tata aendelee kushona vifungo. Cucu alieleza bila hasira, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Alisema huku kwetu ardhi imesimama wima. Alisema alikuja mara moja, kwenye harusi ya Nelius, akadondosha chungwa, na mpaka leo hajui ni jirani gani alilila. Yeye amezoea kutoka mlangoni na kutembea, hata hatua chache, mahali ambapo mguu unakuta ardhi palepale ulipoitarajia. Amezoea mbingu.

"Kwako nitakaa wapi?" akauliza. "Sebuleni, kama saa ya ukutani?"

Tata alikuwa ameacha kushona.

"Nipatie nja," Cucu akasema, "nije hata kesho."

Nja ni ule uwanja wa nyumbani, mahali pa kuanika na kupepeta na kuketi na kumwona anayepita. Kila mtu wa Mbeere ana nja hata kama hana kitu kingine. Sisi huku hatuna. Sisi tuna njia ya kupanda na njia ya kushuka.

Sasa, Tata alikuwa ameshona mapazia ya nyumba moja ya wageni kule juu karibu na msitu, na siku ya kuyatundika alikuwa amesimama kwenye sakafu ya mbao iliyotokeza nje ya chumba, juu ya bonde. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi. Alisema ulikuwa ukitembea hewani na bado uko nyumbani. Vilele vya miti vilikuwa usawa wa magoti yake. Msimamizi alimwambia kitu hicho kinaitwa deki, na Tata akalirudia neno hilo njia nzima ili asilisahau.

Kwa hivyo simu ilipokatika aliutazama ule mlango uliopigiliwa ubao, akautazama muda mrefu, uzi ukining'inia mkononi, na mimi nikajua. Hata mimi niliiona: sakafu ya mbao ikitoka mlangoni kama ulimi, pana, nyeupe kama mkate, na Cucu katikati yake na mkongojo wake, akitembea juu ya migomba.

Tulimpigia Cucu tena kumwambia atajengewa deki.

"Deki si hupigwa?" akauliza. "Na tambara na maji? Inajengwaje?"

Anko Kithaka alicheka mpaka akatoka nje. Lakini jioni, alipoelewa kwamba si mzaha, aliuliza kama kweli watu hutoa pesa ili wapate mahali pa kuketi, na jiwe je, limekosa nini? Anko si mtu mbaya. Ni mtu wa kahawa, na mtu wa kahawa anajua pesa huja mara moja kwa mwaka na huondoka kila siku. Alisema kama ni lazima, basi wasimpe fundi pesa za kununua mbao, maana fundi akikununulia mbao anajinunulia na viatu.

Hilo neno la viatu ndilo lililoleta shida.

Maana Tata aliamua kununua mbao mwenyewe kabla hata fundi hajapanda kuona mahali. Alikuwa na pesa za sare za Januari, alizoziweka. Alishika tepu yake ya kushonea, akapima ndani ya sebule ukubwa alioutaka, futi ishirini kwa kumi, akazidisha, akapata mia mbili. Nilikuwa naye tulipofika pale mbao zinapouzwa. Mahali hapo pananukia vizuri, sijui niseme vipi, kama penseli iliyochongwa na mvua kwa pamoja. Kijana wa pale alimuuliza anataka futi ngapi.

"Mia mbili," Tata akasema, na kwa sauti ya mtu aliyekuja amejipanga.

"Za inchi sita kwa moja, mathe?"

"Zile pana. Za kukanyaga."

Akapimiwa, akalipa, akatoka ameinua kichwa. Bei ilikuwa chini ya alivyoogopa. Njiani aliniambia watu huogopa tu vitu kwa sababu hawajauliza. Nami nilikuwa tayari nimeshaiweka meza kichwani, na maua ndani ya mkebe.

Fundi Mugendi alikuja siku iliyofuata. Ni mtu mrefu, mpole, penseli sikioni, na yeye na Tata huitana fundi kila mmoja, mpaka usipowaona hujui ni nani anamwita nani. Kwa kuwa kwetu hakuna mahali tambarare pa kupanga kitu, tulizibeba mbao hadi barabarani mbele ya geti. Tata akachora umbo la deki yake pale kwenye vumbi kwa jivu, pembe nne, vizuri kabisa, nasi tukaanza kulaza mbao ndani yake, moja kando ya nyingine. Waliopita na pikipiki walizunguka kwa heshima kama wanaozunguka matanga.

Mbao zikaisha. Zilikuwa zimejaza nusu.

"Sawa," Fundi Mugendi akasema, akipangusa mikono. "Ile ingine iko wapi, fundi?"

"Ingine gani?"

"Ya kufunika huku."

Tata aliitazama ile nusu ya vumbi iliyobaki, na jivu likianza kupeperuka. Akasema ameibiwa. Akasema anarudi huko sasa hivi, na kijana yule atamtambua leo. Fundi Mugendi hakubishana naye. Aliuomba tu ule mkono wake wenye tepu, akauvuta polepole na kuulaza juu ya ubao mmoja, kukata upana. Tepu ikasema nusu futi.

Unajua kitambaa kikija dukani kina upana wake tayari. Mtu wa nguo anauliza urefu tu. Upana upo, unakuja bure na roli. Miaka yote hiyo Tata ameuliza mita ngapi, na mita hizo zikaja na mabega yake na makalio yake ndani. Mbao haziji hivyo. Futi ya mbao ni urefu peke yake, na upana ni juu yako. Kila futi moja ya ardhi ilitaka futi mbili za ubao. Niliiona hesabu hiyo ikimshukia usoni mwake, na hakupiga kelele.

"Nimeenda kununua shuka," akasema mwishowe, "nikapimiwa utepe wa nywele."

Fundi Mugendi alicheka kwa kuinamisha kichwa, ili asimcheke yeye. Kisha akasema yaliyobaki, na aliyasema taratibu kwa sababu ni mtu mwema. Alisema hizi mbao ni ngozi tu. Bado mifupa, zile nene za nne kwa mbili ambazo ngozi itapigiliwa juu yake. Bado miguu, posti za mti wa blugamu za kusimamisha yote hayo kutoka huko chini kwenye kahawa, tena ndefu kwa sababu ya mteremko, tena zipakwe oili chafu mchwa wasizile. Bado ukingo wa kumzuia mzee asianguke. Bado misumari. Bado yeye mwenyewe Mugendi na kijana wake wa kuchimba mashimo.

"Kama koti," Tata akasema.

"Koti vipi?"

"Mtu huona kitambaa cha juu. Bitana haioni. Kola ndani kuna kitu kigumu, hakioni. Halafu anashangaa kwa nini koti si bei ya shati."

"Ndiyo hiyo," Fundi Mugendi akasema. "Umetaka koti, fundi, na umenunua kitambaa cha mkono mmoja."

Tulizirudisha mbao ndani, tukazipanga chini ya nyumba na vijiti katikati zipate hewa. Wiki kadhaa zikapita hivyo. Ilikuwa likizo lakini nyumba ilikuwa kama siku ya mtihani. Anko alisema wangoje malipo ya kahawa, mwakani ikibidi. Tata alisema mwakani Cucu atakuwa amelala wapi? Mama alipiga simu kutoka Nkubu akasema ataongeza kitu, lakini kitu chenyewe tulikijua ukubwa wake. Nami nilikuwa naenda chini ya nyumba kuzinusa zile mbao. Zilikuwa zinakauka, zinabadilika rangi kutoka siagi kuwa asali. Nilikuwa nikifikiri zinajua kwamba zitakuwa nja ya mtu, na zinajiandaa.

Nilianza kufikiri pia kuhusu maneno. Bei ni ile unayoambiwa na kijana wa mbao. Gharama ni kitu kingine, mpaka uikalie ndipo uione ilivyo. Niliandika hivyo nyuma ya kitabu cha jiografia na sikujua niendelee vipi.

Kisha asubuhi moja Tata alitoka chumbani amevaa viatu vya safari. Alisema ameota anakata gauni bila kumpima mwenye gauni, na alipoamka ameona ndicho alichokuwa anafanya. Amepima sebule. Amepima deki ya wageni kule msituni kwa macho yake, watu wa pesa, wanaokula nyama choma wakiwa kumi. Cucu mwenyewe hajampima.

Tulienda Kiritiri siku hiyo hiyo. Kila ninaposhuka huko nahisi kama mtu ananivua sweta. Joto linakuja kutoka chini, mbingu inakuwa kubwa, na vitu vyote vinasogea mbali na vingine. Cucu alikuwa ameketi njani kwake akichagua ndengu kwenye ungo. Alimtazama Tata, akaitazama tepu shingoni kwake, akaichukua ndengu moja mbovu na kuitupa.

"Nelius," akasema, "umenunua mbao. Sasa umekuja na tepu. Niambie tu kama ni sanduku unanipimia."

Nilishtuka. Tata hakushtuka. Alipiga magoti mbele yake palepale kwenye udongo.

"Sanduku halina mahali pa kugeukia, Mami. Simama nikuone ukigeuka."

Cucu akacheka. Ana meno machache na anacheka na yote. "Basi pima vizuri," akasema. "Usinibane kwapani."

Sijawahi kuona kitu kama kile, na sidhani nitaona kingine. Tata alimpima Cucu kutembea. Alimwacha aende kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa mukau na kurudi, kama anavyofanya kila siku, naye akafuata nyuma akiweka alama kwa chaki yake ya kushonea juu ya vijiwe. Alipima hatua. Alipima mkongojo unapotupwa pembeni, maana mtu mwenye mkongojo ni mpana kuliko anavyojidhania. Alipima duara ndogo anayoichora akigeuka, na jinsi anavyosimama kidogo katikati kupumua, akijifanya anatazama mbuzi. Alipima kiti, na ungo pembeni mwa kiti, na mkeka wa kuanikia. Alipima mguu unavyoinuka, na hapo tepu ikakosa kazi, kwa sababu haukuwa ukiinuka. Ulikuwa ukiteleza.

"Na wageni?" akauliza. "Nikupimie wageni wangapi?"

"Wawili," Cucu akasema. "Wakija watatu, wawili wataanza kuongea wao kwa wao."

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Kivuli cha Cucu kilikuwa kirefu mno, kilitoka njani kikapita mti wa mukau kikaenda zake, na kivuli cha Tata kilikuwa kimejikunja karibu nacho kama mtu anayefunga kamba za viatu vya mtoto.

Tuliporudi alikata karatasi ya kaki, ile anayokatia ruwaza za nguo, akailaza juu ya meza. Deki haikuwa tena pembe nne. Ilikuwa nyembamba na ndefu ikitoka mlangoni na kufuata ukuta wa nyumba, upana wa mtu na mkongojo wake na kidogo cha kupumulia, halafu mwishoni ikapanuka, kama mwiko. Pale mwishoni ndipo kiti, ungo, mkeka, wageni wawili. Fundi Mugendi aliigeuza ile karatasi huku na huku. Akahesabu kwa midomo. Akasema kwa ngozi, mbao zilizopo zinatosha, zitabaki vipande vya kuchomea chai. Akasema pia ile sehemu nyembamba haitaki miguu mingi, kwa sababu upande mmoja itajishikilia kwenye ukuta wa nyumba.

"Na iwe sawa na mlango," Tata akasema. "Hapana kizingiti. Hata cha kidole."

"Maji yataingia sebuleni, fundi."

"Utajua la kufanya, fundi."

Akajua. Aliacha nafasi kati ya ubao na ubao, unene wa msumari, maji yapite. Tata akachukua mkongojo wa zamani wa babu yake Anko, akaujaribu kwenye nafasi zote, moja baada ya nyingine, kuhakikisha ncha haizami.

Lakini mifupa na miguu bado ilitaka kununuliwa. Hapo ndipo siku moja niliporudi kutoka shuleni wikendi nikapita sokoni, nikakuta kwenye chumba cha Tata mahali palipokuwa na overlock pana alama nne tu sakafuni. Alikuwa anakunja mapindo ya sare kwa mkono, sindano ikipanda na kushuka, rundo zima likimngoja. Ile mashine aliyoitafuta miaka mingi alikuwa ameiuza. Nilimwuliza kama itarudi. Alikata uzi kwa meno.

"Vidole vilikuwa vimeanza kulala," akasema.

Jumapili usiku, niliporudi bwenini, nilitaka kuongeza kitu pale nyuma ya kitabu cha jiografia. Sikuongeza. Anko Kithaka, yeye, hakusema neno juu ya mashine, lakini Fundi Mugendi alipofika kuchimba mashimo alikuta mashimo mawili yameshachimbwa, katikati ya kahawa, na mikahawa michache imeng'olewa kwa uangalifu na kupandwa pembeni.

Deki ikaisha mwezi wa saba, wikendi niliyokuwa kwa Tata. Ule ubao wa mlangoni ukang'olewa. Nilikuwa wa kwanza kutoka nje, bila viatu, Tata alisema niende kwa sababu mimi ni mwepesi. Mbao zilikuwa na joto. Nilitembea juu ya migomba.

Cucu alikubali kuja kuona. Kuona tu, alisema, na Nyaga atamleta na Probox yake na kumngoja, halafu jioni watarudi wote. Hakuwa ameahidi zaidi ya hapo, na Tata hakuthubutu kumwomba zaidi. Alifua mapazia. Alipaka mlango rangi. Mpango wake wote ulikuwa kwamba Cucu atoke mlangoni, aione Mbeere yote imetandazwa mbele yake mpaka Kiambere, aone kwamba kwao hakujapotea.

Lakini huku kwetu mwezi wa saba si mwezi wa kuona kitu. Asubuhi ile tuliamka tukiwa ndani ya wingu. Si ukungu wa kupita. Ni lile zito linaloshuka kutoka mlimani na kukaa. Hapakuwa na kahawa. Hapakuwa na migomba. Ukisimama mlangoni uliona mbao zikienda, zikienda, halafu nyeupe. Deki ilikuwa imefungwa kwenye hewa tupu kama mashua isiyo na maji. Tata alitoka mara nyingi kutazama, na kila mara alirudi akiwa na shanga za maji kwenye nywele. Anko alimwambia labda litaondoka saa sita. Sote tulijua haliondoki.

Cucu alifika amevikwa blanketi. Nyaga alimshika mkono kutoka kwenye gari mpaka sebuleni, njia ya nyuma ambako hakuna mteremko. Alikunywa chai. Alimsifu Anko kwa maziwa. Kisha akaomba aonyeshwe ile deki isiyotaka tambara.

Tata akafungua mlango, akasimama pembeni. Nilimwona anasokota kitambaa cha gauni lake kwa vidole.

Mguu wa Cucu uliteleza ukapita mlango bila kukuta kitu cha kuuzuia. Akasimama. Akautelezesha mwingine. Mkongojo ukagonga ubao, to, na ubao ukajibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha pili. Akaenda. Hakuna aliyemfuata, maana Tata alikuwa amenyoosha mkono kutuzuia. Akaenda akizidi kuwa mweupe, blanketi lake kwanza, halafu kitambaa chake cha kichwa, mpaka tukawa tunausikia mkongojo tu. Ukanyamaza katikati. Tata akafumba macho. Ukaendelea. Baadaye tukasikia kiti kikilia kidogo, kilio cha kiti kinachokaliwa.

Tukangoja. Nyaga alitazama saa yake. Mwishowe Tata alishindwa, akatoka, nami nikamfuata. Cucu alikuwa ameketi pale penye upana, mikono juu ya mkongojo, anatazama mbele kwenye weupe kana kwamba kuna mtu anaongea.

"Mami, pole," Tata akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Leo huoni kitu. Siku nyingine unaona mpaka Kiritiri. Mpaka nyumbani. Ni hili wingu tu."

"Ndilo hili?" Cucu akauliza.

"Ndilo lipi?"

"Lile linalokaa huku juu." Aliinua mkono, akaufungua na kuufunga, kama mwanamke anayejaribu kitambaa dukani. "Tangu nikiwa msichana nalitazama kutoka chini. Nikichunga mbuzi nalitazama. Mlipoondoka nyinyi wawili nikawa nalitazama kila jioni. Nilikuwa najiuliza ndani kuna nini."

Tata alikaa chini kwenye mbao, karibu na miguu ya mama yake, pale palipopimwa pa mgeni wa kwanza.

Nyaga akatokea mlangoni akisema yeye yuko tayari, barabara itakuwa mbaya wakichelewa. Cucu hakugeuka. Alimwambia atangulie, yeye angali anangoja hili wingu liondoke ndipo aone hiyo Kiritiri anayoambiwa.

"Cucu," Anko Kithaka akasema kutoka sebuleni, kwa adabu sana, "hili la mwezi wa saba huondoka mwisho wa mwezi wa nane. Mwaka mwingine hata wa tisa."

"Nimesikia," Cucu akasema.

Nyaga akasimama kidogo, akauliza sasa mbuzi je. Cucu akamweleza mbuzi yupi abaki na nani, na yupi anauma, akatoa maelezo marefu ambayo mtu hawezi kuyatunga papo hapo. Kisha tukasikia gari likiwaka, likipanda kuelekea barabarani, likipotea. Tata alikuwa ameinamisha kichwa juu ya goti la mama yake. Cucu akaomba nimletee ungo.